Sitara ni ya Nani? Mjadala wa Barazani juu ya Filamu Fupi ya Mwanafunzi

Watu wa pwani ya Kilwa na Lindi hawakuanza leo kuutangaza msiba mbele ya hadhara. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia utenzi vita vya Maji Maji, ukachapishwa mwaka 1933; Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hiyo hiyo ya kusini, alimrejesha Kinjikitile wa vita hivyo jukwaani kwa tamthilia yake ya Kinjeketile iliyotoka mwaka 1969; na pale Kilwa Kivinje mgeni huonyeshwa bila ya kusita mahali paitwapo Mwembe Kinyonga, ambapo Wadachi, yaani Wajerumani, walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Lakini misiba hiyo yote ililetwa na mtu wa mbali, aliyekuja na merikebu na bunduki, na kuikumbuka ni fahari kwa aliyeonewa. Ama msiba unaotendwa na mtu wa nyumbani, nyuma ya pazia, juu ya mtoto asiyeweza kujitetea, huo haukutungiwa utenzi wala kuwekewa alama, na vijana waliojifunza kamera katika vyuo vyetu ndio sasa wanaoukaribia.

Muswada unaojadiliwa hapa, pamoja na sauti zinazoujadili, nimeubuni mwenyewe, ili hoja ambazo husikika vipande vipande, nyingine darasani, nyingine msikitini baada ya alasiri, nyingine kwenye foleni ya zahanati, zipate kukutana uso kwa uso. Kisa chake ni hiki. Mjane wa Somanga hukaanga samaki na kuwauzia abiria wa mabasi yaendayo Lindi na Mtwara. Mikorosho aliyoachiwa na marehemu mumewe ameiweka rehani kwa jamaa mmoja wa ukoo, kwa kuwa msimu ulipokaribia hakuwa na fedha ya salfa ya kupulizia. Jamaa huyo ndiye amnunuliaye binti wa mjane, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, sare na madaftari. Naye ndiye amdhulumuye. Binti ananyamaza, anarukwa na akili, watu wanasema ana jini, anapungwa, na mwisho, katika muswada wa kwanza, anajitoa uhai, na filamu ya robo saa inakatika hapo.

Waliokaa barazani Kilwa Masoko kumsikiliza Kijana, mwenye muswada, ni Bibi, aliyewafunda wari wengi katika maisha yake; Maalim wa madrasa; Mwalimu wa sekondari afundishaye Kiswahili; na Muuguzi aliyesomea maradhi ya akili.

BIBI: Mjukuu wangu, nimekusikiliza hata ukamaliza, wala sitakuambia kwamba uliyoyaandika hayapo duniani, maana mwari akiwa ndani humwambia somo yake mambo ambayo mama mzazi hakuyasikia, na mimi nimeyasikia. Neno langu ni jingine. Somanga si Dar es Salaam. Basi likisimama pale, wanawake wanaolikimbilia na sinia mikononi wanajuana kwa majina, kwa waume na kwa madeni. Ukimwonyesha mjane mkaanga samaki mwenye binti, watu hawatasema kwamba hiyo ni sanaa. Watawahesabu wajane wa pale mmoja mmoja mpaka wampate, na wasipompata watamteua. Umekuja kumtetea mtoto, nawe umemvua nguo mbele ya mji.

KIJANA: Bibi, maneno yako nayapokea kwa taadhima, lakini huko kunyamaza kwetu kumemsitiri nani? Jambo likifichuka, wazee hukaa kikao, hutajwa fedha au mbuzi, husemwa kwamba yamalizwe kifamilia, na katika kikao hicho mtu pekee asiyeulizwa neno ni mtoto mwenyewe. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009, na matokeo yake kutolewa 2011, ulidhihirisha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 nchini walipata kudhulumiwa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18, na wavulana takriban 1 katika kila 7. Jambo lenye kiwango hicho haliwezi kuwa siri ya mjane mmoja. Wahenga wenyewe walinena kwamba mficha maradhi kifo kitamuumbua.

MAALIM: Nisingependa mtu adhani kwamba dini imekaa upande wa ukimya. Sitara tuliyoamrishwa ni kumfunika mtu aliyeteleza katika jambo lililo baina yake na Mola wake, ambalo halikumdhuru mwingine. Ama dhuluma ni haki ya mdhulumiwa, na aya ya 148 ya Suratun-Nisaa imemtoa yeye katika katazo la kutangaza maovu. Basi mwenye kumficha dhalimu kwa jina la sitara ameisingizia dini. Lakini hapo hapo, mwanangu, pana swali juu yako wewe. Ruhusa ya kusema amepewa aliyedhulumiwa. Wewe hukudhulumiwa, nawe unataka kusema kwa kinywa chake. Ruhusa hiyo umeipata kwa nani?

KIJANA: Kwa sheria, Maalim. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemlazimisha kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki ya mtoto inavunjwa aitoe habari hiyo kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Kama kusema ni wajibu wa kila mtu, basi na mimi mwenye kamera nimo.

MAALIM: Kutoa habari kwa mamlaka na kuionyesha katika kibanda umiza cha video ni mambo mawili. Afisa ustawi wa jamii akipewa habari, ana wajibu wa kuitunza na mamlaka ya kutenda; aliyelipa kiingilio kibandani hana wajibu wala mamlaka, ana macho tu. Nakubali kwamba filamu yaweza kuwa halali. Sikubali kwamba uhalali wake unatokana na sheria uliyoitaja.

MWALIMU: Ninyi mnabishana juu ya haki ya kusema, nami naona afadhali tuulize kwanza kinachosemwa, kwa maana filamu katika nchi hii ina mazoea yake ya tangu zamani katika kumsema maskini. Baina ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza filamu fupi fupi za kumwelimisha Mwafrika, na takriban zote zilijengwa juu ya dhana moja, kwamba taabu yake imetokana na ujinga wake. Mwaka 1952 ikaja Muhogo Mchungu, aliyoigiza Rashidi Kawawa kabla hajawa mwanasiasa mkubwa, na humo mtu wa shamba anaingia mjini akatapeliwa. Sasa tazama muswada wako. Nyumba ni ya udongo, sufuria ni nyeusi, mama analia, muziki unalia, na mtazamaji akiondoka atasema, "Umaskini ni kitu kibaya, tazama unavyowafanya watu." Kwa hiyo mshtakiwa wako amekuwa umaskini, na yule jamaa ametoka mahakamani kwa mlango wa nyuma. Maskini wa Kilwa ni wengi mno, na walio wengi kati yao hawakumgusa mtoto wa mtu. Na watenda tendo hilo wamo pia katika nyumba za bati jipya na vigae.

KIJANA: Je, Mwalimu, niutoe umaskini kabisa? Mimi nimekulia humo. Nikiutoa nitakuwa nimesema uongo.

MWALIMU: Usiutoe. Uweke mahali pake stahiki. Umaskini haukumdhulumu binti. Umaskini ulimfunga mama yake kinywa, na namna ulivyomfunga ndiyo filamu yenyewe. Korosho huvunwa kuanzia mwezi wa kumi, na salfa hupuliziwa miezi kadhaa kabla, wakati ghala la nyumbani limekwisha kuwa tupu. Mkulima asiye na akiba huuza mazao yakiwa bado mtini, kwa bei ya mnunuzi, na hiyo ndiyo kangomba, ambayo serikali imeipiga marufuku na watu wakaendelea nayo. Maana chama cha msingi na stakabadhi ghalani humlipa mtu baada ya mnada, ilhali salfa, sukari na sare ya mtoto hutakiwa kabla. Elimu ya msingi haina ada, lakini daftari halikuwa ada, na kiatu hakikuwa ada. Katika pengo hilo ndimo alimoingia yule jamaa. Mwonyeshe akikaa kibarazani na madaftari mawili juu ya goti: moja jipya la shule, alilomnunulia binti, na jingine lililokunjika pembe, analoandika deni la mama. Akilitoa la kwanza, la pili lipo. Mtazamaji ataelewa kwa nini mama aliona na hakusema, wala hutahitaji muziki.

BIBI: Hilo nalikubali, maana ni kweli. Mwanamke mwenye deni hufikiri mara mbili kabla ya kumtazama mdai wake machoni.

MAALIM: Pana na kifungo kingine, ambacho hakitoki katika umaskini. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 humpa mbakaji miaka 30 isiyopungua, na mimi sina shaka kwamba anastahili. Lakini mji unapoijua adhabu hiyo, mama wa mtuhumiwa, mkewe na shemeji zake humwendea mama wa mtoto usiku kumlilia kwamba nyumba yao itakufa. Hao si maskini peke yao. Muswada ukimwonyesha mdai tu, na usiwaonyeshe watu wema waliokuja kuombea uovu, utakuwa umetusamehe sisi.

MUUGUZI: Niruhusuni, wakubwa zangu, niingie katika sehemu ya tatu ya muswada, ambayo naona mwandishi aliipitia kwa haraka. Binti katika muswada huu, siku ya pili baada ya tendo, anatimka nywele, anacheka peke yake, anararua nguo. Wendawazimu wa aina hiyo nimeuona katika filamu zetu nyingi, na katika kazi yangu nimeuona kwa nadra. Mtoto aliyedhulumiwa huletwa na tumbo linalouma, akapimwa akaonekana hana kitu. Huletwa kwa kuwa amerudia kukojoa kitandani. Mwalimu husema zamani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono na sasa analala darasani. Na akitumwa nyumba fulani kupeleka sahani, huzunguka mji mzima asipite pale. Hayo hayana kelele, kwa hiyo kamera isiyo na subira haiyaoni. Waliotutangulia waliyaona. Katika Maangamizi, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill iliyotoka mwaka 2001, tunamkuta mwanamke wa hospitali ya maradhi ya akili aliyenyamaza miaka mingi, na filamu haimlazimishi kupiga kelele ili tumwamini kwamba anaumwa. Nayo tamthilia ya Mashetani ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1971, imemweka kijana mgonjwa baina ya daktari na mganga, bila ya kutufanya tuamini kwamba jibu ni jepesi.

KIJANA: Mganga nimemweka, na mwisho wake anaumbuka.

MUUGUZI: Ndiyo, umemfanya kichekesho, na kwa kufanya hivyo umeikosa sababu inayowapeleka watu kwake kabla ya kuja kwetu. Yeye yu karibu, hupokea kuku badala ya nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, hukaa na jamaa nzima. Na zaidi ya yote huyapa maradhi jina lisilomfedhehesha mtu. Hapo ndipo ilipo hatari. Jini hashitakiwi. Akishatajwa jini, aliyetenda hatajwi tena.

BIBI: Mwanangu, husemi uongo, ila umesema nusu. Nimehudhuria ngoma za kupunga tangu ujana wangu. Mwanamke aliyenyimwa kauli nyumbani mwake, pepo akimpanda kichwani, husema asiyoweza kuyasema mchana. Hudai kanga, hudai haki yake, na mimi nimemsikia pepo akimtaja mtu kwa jina lake na la baba yake. Ngoma ilimpa kinywa. Waliokataa kusikia ni wale waliokaa ukumbini.

MUUGUZI: Basi hilo, Bibi, lina maana kubwa kuliko yote niliyoyasema mimi. Ingekuwa muswada huu ni wangu, ningeacha pepo amtaje yule jamaa waziwazi, naye akiwa amekaa pale pale na wazee, kisha mmoja wao aulize kwa sauti ya kawaida kabisa, "Anataka udi au anataka kanga?"

KIJANA: Na wote wajibu lile la kanga.

BIBI: Watajibu. Nawajua.

MWALIMU: Tukio hilo ni la filamu, wala halikutoka katika kitabu cha mtu. Lakini bado mwisho hatujaugusa.

MUUGUZI: Mwisho ule uondoke. Shirika la Afya Duniani limekwisha kuwaonya waandishi na watengenezaji wa filamu kwamba kuonyesha namna mtu alivyojitoa uhai, au kuonyesha kwamba kujitoa uhai ndiyo njia ya kutoka katika dhiki, kwaweza kumvuta mtazamaji aliye katika hali hiyo hiyo. Na kwa kukisia tu, katika kila kibanda kilichojaa yumo mtu wa namna hiyo. Tena Kanuni ya Adhabu yetu ingali inahesabu kujaribu kujiua kuwa ni kosa, na kwa sababu hiyo aliyenusurika huogopa kuletwa hospitali. Usimwongezee mlango mwingine wa kuogopa.

KIJANA: Lakini nikiweka mwisho wa furaha, polisi wakaja, binti akacheka, mtakuwa wa kwanza kuniambia kwamba nimeandika tangazo la serikali.

MUUGUZI: Sikuomba furaha. Naomba binti abaki hai, na aliyemdhulumu abaki mtaani ikiwa ndivyo ilivyo kweli, na mtu mzima mmoja, mmoja tu, aulize swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Kisha baada ya picha kwisha pawe na mtu wa kuongea na watazamaji: simu ya mtoto nambari 116 itajwe, dawati la jinsia na watoto la polisi litajwe, na mimi au mwenzangu tuwepo. Shirika la UZIKWASA la Pangani lilipotengeneza Aisha mwaka 2015, iliyoongozwa na Chande Omar, juu ya mwanamke aliyedhulumiwa na mji unaotaka anyamaze, lengo lilikuwa filamu ifungue mazungumzo ya watu wenyewe. Kazi haikuishia kwenye jina la mwisho la waigizaji.

KIJANA: Na tukizidi kungoja masharti yote haya yatimie? Wanafunzi wa Hamburg Media School walikuja Kenya, chini ya Katja Benrath, wakatengeneza Watu Wote, filamu fupi iliyozungumza Kiswahili, juu ya abiria Waislamu wa basi la Mandera waliowakinga wenzao Wakristo mwaka 2015. Ikapata tuzo ya wanafunzi ya Oscar mwaka 2017 na kuteuliwa katika Oscar yenyewe mwaka 2018. Hadithi ni yetu, lugha ni yetu, na wanafunzi ni wa Ujerumani. Tukichelewa, na hii ya Somanga ataipiga mwingine.

MWALIMU: Mfano wako ni mzuri, ila umeuweka pasipo pake. Kisa cha basi la Mandera kilikuwa cha ushujaa, waliohusika walipenda kijulikane, na magazeti yalikwisha kukitangaza. Aibu ya mtoto haina mashindano na mgeni. Mgeni akikutangulia katika kuitangaza, hajakunyang'anya kitu.

BIBI: Na mtoto atakayeigiza je? Mmepanga kila kitu hamkumfikiria. Binti wa watu akishaonekana katika picha ile, ataitwa kwa jina lile kisimani na shuleni mpaka aolewe.

KIJANA: Nilidhani nimchukue wa darasa la sita, maana uso wa mtoto halisi...

BIBI: Uso ndio hutauonyesha, mjukuu wangu. Mchukue msichana mkubwa, aliyekwisha kujua anachokiigiza na akakubali mwenyewe, mama yake akiwapo. Onyesha mikono yake, mgongo wake, sahani asiyotaka kuipeleka. Na Somanga nayo iondoe; weka mji usio na jina. Ukifanya hivyo, mimi mwenyewe nitakuja kukaa mstari wa mbele.

Hapo ndipo mjadala ulipofikia, nami sioni kwamba ulikwisha bila ya hukumu. Hoja ya Bibi na hoja ya Kijana, ambazo mwanzoni zilionekana kupingana, zimekuja kugawana kazi: sitara ni haki ya mtoto, wala haikuwa kamwe haki ya tendo, kwa hiyo filamu iliyo njema ni ile inayoufunika uso na kuufunua utaratibu, yaani deni, rehani, kikao cha usiku na pepo aliyesikilizwa nusu. Filamu nyingi zenye kilio hufanya kinyume chake kabisa, kwa kuwa zinamwonyesha mtoto kwa ukamilifu na kuuacha utaratibu gizani. Mwalimu naye amepata katika kuukataa umaskini usiwe mshtakiwa, lakini umaskini haukutoka safi, maana bila ya salfa ya mkopo yule jamaa asingekuwa na ufunguo wa nyumba ile. Iliyobaki ni hoja ya Maalim juu ya ruhusa, na hiyo naikiri kuwa haijajibiwa kikamilifu: kisa kilichobuniwa kutokana na visa vingi hakimtangazi mtu mmoja, ila kila aliyepatwa na jambo hilo atakapokitazama atajiona ametangazwa, naye hakuombwa idhini.

Kwa sababu hiyo deni la mwandishi kwa mtazamaji huyo haliwezi kulipwa kwa ufundi wa kamera peke yake. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976 humtaka mtengenezaji apate kibali kabla ya kupiga picha, na Kijana atakipata. Lakini kibali hicho hakimuulizi ni nani atakayempokea msichana atakayesimama katikati ya onyesho na kutoka nje. Mimi nasema filamu itengenezwe, tena itengenezwe huku huku kusini na watu wa kusini, kwa sharti kwamba nauli na posho ya muuguzi na ya afisa ustawi wa jamii ziandikwe katika hesabu ya matumizi kabla ya kodi ya kamera, kwa kila kijiji itakakoonyeshwa; na mwanafunzi asiyeweza kuwapata watu hao wawili aahirishe onyesho mpaka awapate, hata kama mtihani wake wa chuo umekaribia.